Sikio kwenye Chungu

Nilikuwa mtumishi wa altare Mukumu, Kakamega, magharibi ya Kenya, na kazi niliyoipenda haikuwa kushika chetezo wala kupiga kengele. Niliipenda kazi ya kubeba vile vichupa viwili vya kioo kutoka meza ya pembeni hadi altareni, kimoja cha maji, kimoja cha divai. Harufu ya divai ilinasa vidoleni hadi wakati wa chakula cha mchana. Sikuwahi kuionja. Padri alimimina kiasi kwenye kalisi, akadondoshea maji, akanyoosha mikono nimnawishe, basi. Kanisa lilijaa watu hadi nje, na kati yao wote aliyejua ladha ya divai alikuwa mmoja.

Baada ya misa nilikimbilia kwa kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Huko kulikuwa na kinywaji kingine, busaa, na hicho hakikuja kwa meli.

Nimeishi na harufu hizo mbili miaka mingi, ya kichupa na ya chungu, na kila nikisoma habari za mashamba ya kale ya mizabibu huko Ufaransa ninajikuta nimerudi jikoni kwa kukhu. Zamani nilidhani ni kumbukumbu tu za utotoni. Siku hizi naona kuna jambo ndani yake, nami nataka kulisema.

Nianze na maneno, maana maneno huhifadhi njia kitu kilikopitia. Wanaofuatilia asili ya maneno hulirudisha neno divai kwenye du vin ya Kifaransa, nasi tunajua kwamba mapadri Wafaransa wa Roho Mtakatifu walikuwa Zanzibar tangu miaka ya 1860 na wakaanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mvinyo lina undugu na vinho ya Wareno. Zabibu ni la Kiarabu. Tunda lile na maji yake vimetujia mikononi mwa wageni, na kila mgeni alituachia neno. Lakini kimea ni letu. Limetoka kwenye kumea, na anayelitamka amekwisha kueleza nusu ya kazi yenyewe.

Wamisionari waliofungua Mukumu mwaka 1906 hawakuwa Wafaransa, na hilo lina kisa chake. Wafaransa wa Kardinali Lavigerie, White Fathers, walifika Buganda mwaka 1879. Ugomvi wa dini ulipozidi na kuzaa vita vya Mengo mwaka 1892, Mkatoliki alikuwa anaitwa Mfaransa na Mprotestanti anaitwa Mwingereza. Roma ikaona heri ilete Wakatoliki kutoka Uingereza kwenyewe, na mwaka 1895 wakaja mapadri wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka 1866. Wakapewa upande wa mashariki. Hadi mwaka 1902 magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, kwa hiyo sisi Waisukha wa Mukumu tukaangukia kwenye fungu lao. Wengi wao walikuwa Waholanzi, watu wa nchi isiyojulikana kwa mizabibu. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Divai ilipanda garimoshi Mombasa, ikashuka ziwani, halafu ikapanda milima yetu juu ya vichwa vya watu.

Ililazimika kuja hivyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924 katika mkusanyo wa mwaka 1983, ambayo hapo imefuata desturi ya karne nyingi, inataka divai ya asili itokanayo na tunda la mzabibu na isiyoharibika. Wimbi haumo. Mahindi hayamo. Mukumu penyewe pana jina la mti, mukumu, mmoja katika jamii ya mitini, na Maandiko yanapenda kuutaja mtini pamoja na mzabibu kama majirani wa boma moja. Kwetu mtini upo. Jirani yake hakuwahi kuhamia.

Shamba ninalolifikiria zaidi ni Clos de Vougeot, katika mkoa wa Burgundy, kusini ya mji wa Dijon. Mwaka 1098 watawa waliotaka kuishi kwa jasho lao wenyewe walianzisha abasia ya Cîteaux kwenye nyanda zenye maji maji, mahali pasipofaa mizabibu hata kidogo. Mapema karne ya 12 wakaanza kupata vipande vya ardhi juu ya mteremko wa Vougeot: kimoja kwa zawadi, kingine kwa kubadilishana, kingine kwa kununua. Hawakuharakisha. Ilipita miaka zaidi ya 200 kabla vipande vile kuwa shamba moja, na kufikia mwaka 1336 ukuta wa mawe ulikuwa umelizunguka lote, hekta 50 hivi. Hizo ni zaidi ya ekari 120. Isukha ya leo, ardhi kama hiyo imebeba kijiji kizima, pamoja na migomba, kaburi la babu na ng'ombe mmoja kwenye kamba.

Ndani ya ukuta ule mteremko si mkali, lakini mkulima wa pale anautambua kwa nyayo. Juu udongo ni mwembamba na una chokaa, maji hayatuami. Chini, karibu na barabara, ni mfinyanzi mzito, na mwaka wa mvua nyingi mizizi husimama kwenye maji. Husimuliwa kwamba watawa walitenga divai ya juu, ya katikati na ya chini, na kila moja ilikuwa na wanywaji wake kwa cheo. Kisa hicho ninakichukua kama simulizi. Ninachokiamini bila shaka ni kwamba watu waliolima mahali pamoja karne baada ya karne, chini ya utawala mmoja, wenye desturi ya kuandika na kutunza hati, walilijua shamba lao kuliko mtu anavyoweza kulijua katika maisha yake peke yake. Mtawa alikufa na shamba likabaki linakumbuka, kwa sababu aliyefuata alikuta daftari mezani. Mashine nne kubwa za kukamulia zabibu, za magogo ya mwaloni, zinaonekana hadi leo kwenye jengo la pale.

Kisha yakaja mapinduzi ya 1789. Mwaka huohuo mali ya Kanisa ikawa mali ya taifa, na baadaye shamba likauzwa. Leo lina wamiliki wapatao 80, wengine wenye mistari michache tu ya mizabibu. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilishtuka, maana ni habari yetu kabisa. Babu ana ekari kumi, wana watano, wajukuu ishirini, na mwisho ugomvi wa mpaka kwa chifu. Ila kuna tofauti moja iliyonifanya nifunge kitabu nifikiri. Kule ardhi iligawanyika, jina halikugawanyika. Wote 80 wanaandika Clos de Vougeot kwenye chupa zao, na kila mmoja ana sababu ya kulinda sifa ya mwenzake. Kwetu tuligawa ardhi, na maarifa ya ardhi ile hatukumgawia mtu.

Sasa nije kwa kukhu, maana huku ndiko kwenye mambo mengi.

Wimbi ulilowekwa usiku kucha, ukatandazwa juu ya gunia, ukafunikwa kwa majani ya migomba. Baada ya siku kama tatu ukiyafunua majani unakuta vimizizi vyeupe vimesukana kama uzi, na joto linakupiga usoni kama pumzi ya ndama. Ukaanikwa juani hadi ukakauka, ukasagwa, na hicho ndicho kimea. Upande mwingine, unga wa mahindi ulikandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati kwenye moto wa kuni. Hapo ndipo kukhu alipokuwa mkali. Alikaa kwenye kigoda, leso imefungwa kiunoni, akigeuza kwa sepeto la mti, na hakuna aliyeruhusiwa kumshika mkono. Madonge yalitoka rangi ya kahawia, yananukia kama mkate ulioungua pembeni, na sisi watoto tulidokoa yaliyoanguka majivuni. Yakaingia chunguni, yakafuatwa na maji na kimea. Kuanzia hapo ni kungoja.

Siku ya tatu kukhu aliingia peke yake, akapiga magoti kando ya chungu kama mtu anayesali, akalaza sikio la kulia kwenye shingo yake na kufumba macho. Ukimsemesha aliinua kidole. Kisha alisema "bado", au hakusema neno, akaenda kutafuta kitambaa cha kuchujia. Sikumwona akikosea.

Shuleni nilikuja kufundishwa kwamba chunguni mlikuwa na chachu, vijidudu hai vinavyokula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa inayopanda kwa mapovu. Louis Pasteur, aliyekulia Arbois, mji mdogo wa mizabibu mashariki ya Ufaransa, ndiye aliyeonyesha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1866 akatoa kitabu kizima kuhusu divai. Watawa wa Cîteaux walikuwa wamekamua zabibu karne nyingi bila kujua hayo. Kukhu pia. Wote walifuata pua, masikio na waliyoachiwa na waliowatangulia.

Na nikipima ufundi tu, kazi ya kukhu ilikuwa ngumu zaidi. Zabibu ina sukari tayari ndani ya ganda. Ukiiponda na kuiacha, itachachuka yenyewe, na mkulima anabaki na kazi ya kuiongoza. Punje ya wimbi haina sukari ya kutosha, ina wanga, na chachu ile haili wanga. Ni lazima kwanza mtu aiambie punje kwamba mvua zimefika. Punje ikiamini, inaanza kuota, na inapoota inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari ya kuulisha mche. Hapo ndipo unaikatiza juani. Ukikatiza mapema, kimea hakina nguvu. Ukichelewa, mche umekula sukari yako. Mtu wa kwanza kugundua hilo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambako wimbi wenyewe ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita, alikuwa mwanasayansi, na ninaamini alikuwa mwanamke.

Vinywaji hivi viwili vina siri moja inayofanana, nayo ni bara la Amerika. Mahindi ya kukhu asili yake ni huko. Yalivuka bahari pamoja na Wareno, yakaingia kwenye chungu kilichokuwa cha wimbi. Mizabibu ya Ufaransa nayo, kuanzia miaka ya 1860, ilishambuliwa na filoksera, mdudu mdogo wa mizizi kutoka bara hilohilo, karibu iishe yote. Iliokolewa kwa kuibandika juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani ambayo mdudu huyo haiwezi. Kwa hiyo hata Clos de Vougeot ya leo inasimama juu ya mizizi ya kigeni, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba si ya Burgundy. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaosema busaa si utamaduni halisi kwa kuwa ina mahindi.

Tofauti kubwa iko kwenye muda. Divai nzuri ya Vougeot hulala chupani miaka 20 na zaidi, na mjukuu anaweza kufungua chupa iliyokamuliwa na babu yake, akamwonja babu. Busaa hainywewi kesho kutwa. Ikichujwa leo ni tamu yenye uchachu mwepesi, kesho ni kali, baadaye ni ya kumwaga. Haiwezi kuwekwa ghalani wala kuvuka bahari, na haiwezi kushuhudia baada ya mtengenezaji wake kufa. Kumbukumbu yake yote imo mikononi na masikioni mwa mtu. Mtu huyo akienda bila kufundisha, hakuna chupa ya kufungua.

Stendhal, mwandishi Mfaransa, amesimulia habari ya Kanali Bisson, aliyekuwa akipita na askari wake mbele ya Clos de Vougeot, akawasimamisha na kuwaamuru waipigie mizabibu saluti. Nikiisoma habari hiyo huwa nakumbuka asubuhi moja nikiwa na miaka kama tisa. Wanaume wawili wenye rungu walipita ua wa kukhu. Hawakusalimu. Mmoja alikipindua chungu kwa mguu, uji ule wa kahawia ukateremka kuelekea kwenye migomba, na kuku wakaja. Kukhu hakulia. Alikusanya vigae kwa leso yake, na mwezi mzima hakupika. Ada yangu ya muhula ule ilichelewa, kwa sababu ada ilikuwa ikitoka kwenye chungu kile.

Sisemi pombe haina madhara. Nimezika jamaa zangu waliouawa na chang'aa, na wajane wao nawajua kwa majina. Ila chang'aa na busaa ni vitu viwili. Chang'aa imekenekwa, ni kali, na mara nyingi imetiwa vitu vya kuua. Busaa ni chakula kinacholewesha polepole, kileo chake kidogo kuliko cha divai ya altareni. Sheria ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, kisha sheria ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, ikaruhusu itengenezwe kwa leseni. Katika patashika zote hizo, mama mwenye chungu kimoja alibaki mtu wa kujificha. Ufundi unaofichwa haurithishwi vizuri. Binti hujifunza kuuonea haya kabla hajajifunza kuufanya.

Dini nayo ilichangia, ingawa si dini zote kwa namna moja. Mwendo mfupi kusini yetu, Kaimosi, Wakwekari kutoka Marekani walifika mwaka 1902. Hao hawanywi kileo, na hata katika ibada hawana kikombe. Msimamo wao ni mmoja kwa kila kinywaji na ninauheshimu. Kwetu Wakatoliki kikombe kilikuwepo, kikainuliwa juu, kikapigiwa kengele, nacho kilitoka mbali. Mtoto aliyeona kimoja kikipigiwa kengele na kingine kikipinduliwa kwa mguu alijifunza kitu, ingawa hakuna katekista aliyekusudia kumfundisha hivyo.

Mmisionari mmoja aliliona jambo hili, na kumbe alikuwa Mfaransa. René Jaouen aliishi na wakulima wa kaskazini mwa Kamerun, watu ambao mtama ndio chakula chao na pombe yao, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya Ekaristi ya mtama. Mtu wa nchi ya mizabibu aliuliza mezani pa Bwana pawekwe nini mahali ambapo jasho la watu limo kwenye mtama. Kanisa halijabadilisha sheria, nami si mwanateolojia wa kulisukuma. Ninashukuru tu kwamba swali lilitoka kwake.

Wengine huniambia, basi tupande mizabibu Mukumu. Dodoma wamefanya. Wamisionari wa Kiitaliano waliokuwa Bihawana waliileta, na leo mkulima wa Hombolo anavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mwenzake wa Burgundy hawezi kuliota. Lakini Dodoma ni nchi kavu. Kakamega hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mzabibu kwenye unyevu huo huvaa ukungu kabla haujavaa matunda. Na hata ungekubali, kwa nini tuanze upya na mmea usiotupenda, wakati ule unaotupenda tunauacha? Wimbi umebaki vipande vidogo pembeni mwa mahindi na chai. Watoto wangu wanaujua kwenye uji tu.

Mwaka 2015 UNESCO iliandika vishamba vya Burgundy, 1,247 kwa idadi, kila kimoja na jina lake, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka mmoja kabla, 2014, ilikuwa imeandika isukuti, ngoma yetu Waisukha na Waidakho, lakini kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Ngoma ile haikupigwa kavu. Palipo na isukuti, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye mapigano ya mafahali pale Khayega, palikuwa na chungu katikati na wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wanakunywa kutoka mahali pamoja. Tumeombea ngoma msaada. Chungu hatujakitaja.

Kukhu alifariki nikiwa chuoni. Nilirudi nikakuta bati la kukaangia limeezekewa banda la kuku. Shangazi zangu wanakumbuka vipimo, mmoja debe, mwingine vikapu, na hawakubaliani. Mimi mwenyewe, niliyekaa kando yake jumapili zote zile na harufu ya divai vidoleni, sikumuuliza hata mara moja alikuwa anasikiliza nini mle chunguni: kasi ya mapovu, au sauti yao, au kunyamaza kwao.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Kama kwenu, Isukha au kwingineko, yuko mama anayejua kuotesha kimea, nenda kwake wiki hii na daftari. Andika jina lake, aina ya wimbi anayotumia, shamba lilikotoka na siku anazohesabu. Akipiga magoti siku ya tatu, usimsemeshe. Ngoja ainuke, ndipo umuulize.